Ketamini kwa video: Dawa ya bei nafuu, bili nzito Marekani

KATIKA hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki, ketamini ni dawa ya usingizi wanayoijua vyema wahudumu wa chumba cha upasuaji. Bei yake ni nafuu, haihitaji mitambo mingi, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Marekani, dawa hiyohiyo sasa inatumika pia kutibu sonona iliyoshindwa kutulizwa na dawa za kawaida. Mgonjwa huzungumza na daktari kwa video, kisha hutumiwa vidonge vya kuyeyusha mdomoni, akavitumia nyumbani kwake.

Kwa Wakenya, Watanzania, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wanaoishi huko, na kwa ndugu wanaosubiri fedha wanazotuma kila mwezi, swali ni moja: nani analipa?

Huduma hii yenyewe imesimama juu ya kibali cha muda. Sheria ya mwaka 2008 inamtaka daktari amwone mgonjwa ana kwa ana kabla ya kumwandikia dawa zinazodhibitiwa kupitia mtandao. Sharti hilo lililegezwa wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, na tangu hapo nafuu hiyo imekuwa ikiongezwa muda.

Kwa nini bima hukataa

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha ketamini mwaka 1970 kama dawa ya usingizi. Haijaiidhinisha kwa sonona. Daktari anaruhusiwa kuiandika kwa matumizi hayo, lakini kampuni nyingi za bima huihesabu kuwa tiba isiyothibitishwa na hukataa kulipa. Mzigo unabaki kwa mgonjwa.

Fedha mkononi

Njia ya kwanza ni kulipa mwenyewe. Katika kliniki, dripu moja ya ketamini kwa kawaida hugharimu kati ya dola 400 na 800. Matibabu huanza na dripu sita hivi, ambazo jumla yake ni dola 2,400 hadi 4,800.

Tiba ya video ni nafuu zaidi. Mipango ya dozi ndogo huanzia dola mia moja na kitu kwa mwezi, na ile ya vikao vyenye msimamizi hufika mamia ya dola au zaidi ya 1,000. Anayelinganisha bei hizo hana budi kuuliza zinajumuisha nini. Je, dawa imo? Mshauri nasaha yumo? Usiku wa manane mgonjwa akizidiwa, nani anapokea simu? Je, mkataba hujirudia na kukata fedha kwenye kadi hata baada ya mgonjwa kuacha?

Akiba isiyotozwa kodi

Njia ya pili ni akaunti ya akiba ya matibabu, maarufu kama HSA, wanayoruhusiwa kufungua wenye aina fulani ya bima ambayo humtaka mteja ajilipie kiasi kikubwa kwanza. Kwa mwaka 2025, kiwango cha juu cha kuweka kilikuwa dola 4,300 kwa mtu mmoja na 8,550 kwa familia.

Fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato. Anayekatwa asilimia 22 huokoa dola 220 katika kila dola 1,000 anazolipa hospitali. Atunze risiti na barua ya daktari inayoeleza ugonjwa, kwa sababu fedha hizo zikitumika kwa yasiyo matibabu kabla ya umri wa miaka 65, kuna kodi pamoja na faini ya asilimia 20.

Aliye na bima binafsi anaweza pia kuomba bili yenye mchanganuo na kuiwasilisha kwa kampuni yake. Hata kama dawa imekataliwa, huenda akarudishiwa sehemu ya gharama ya kumwona daktari au mshauri.

Mkopo wenye mtego

Njia ya tatu ni kadi ya mkopo wa matibabu. Nyingi hutangaza miezi sita au 12 bila riba. Deni likibaki hata kidogo muda ukiisha, riba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza, kwa kiasi chote kilichokopwa. Ripoti ya mwaka 2023 ya ofisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ilitaja riba ya kawaida ya kadi hizo kuwa asilimia 26.99.

Bima inapokubali

Ipo njia ya nne, ila haipiti kwenye video. Machi 2019, FDA iliidhinisha Spravato, dawa ya kupuliza puani yenye esketamini, jamii moja na ketamini. Kwa kuwa ina kibali cha kutibu sonona sugu, bima nyingi huilipia, mara nyingi baada ya mgonjwa kuthibitisha kwamba dawa mbili au zaidi hazikumsaidia.

Sharti lake ni kwamba itumike katika kituo kilichoidhinishwa, na mgonjwa aangaliwe kwa angalau saa mbili. Harusiwi kuendesha gari siku hiyo. Kwa anayelipwa kwa saa, nusu siku ya kazi hupotea kila kikao, hata kama bima imelipa.

Kinachonunuliwa ni uangalizi

Oktoba 2023, FDA ilionya kuhusu ketamini inayotumika nyumbani bila mhudumu wa afya karibu: shinikizo la damu hupanda, pumzi huweza kupungua, na akili hupotewa kwa muda. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Sehemu kubwa ya bili hulipia macho ya kumwangalia mgonjwa. Mpango wa bei ya chini kabisa unaweza kuwa umepunguza macho hayo.

Kwa hiyo mwenye bima aanze kwa kuuliza kuhusu Spravato, kisha akiba ya HSA, na mkopo uwe wa mwisho. Asiye na bima anaweza kwenda vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, ambako sonona hutibiwa kwa dawa za kawaida. Na anayewaza kujiua asisubiri hesabu yoyote: namba 988 hupokelewa Marekani saa 24, bila malipo.