Mwanga unaowakawaka unavyoweza kuzidi nguvu breki za ubongo

Desemba 16, 1997, watoto wa Japani walikuwa mbele ya TV wakitazama katuni ya Pokémon. Ghafla ukaja mwanga mwekundu na wa buluu, ukipishana kama mara 12 kwa sekunde. Watu 685, wengi wao watoto, wakakimbizwa hospitali.

Shida haikuwa machoni. Ilikuwa kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea picha.

Seli za huko huamshana: moja ikistuka, inamstua jirani. Zikiachwa hivyo, zitastuka zote kwa mpigo. Breki yake ni kemikali inayoitwa GABA. Inatoka seli moja na kunasa kwenye vipokezi vya seli nyingine. Vipokezi hivyo ni kama vijilango: vikifunguka, chembe za kloridi zenye chaji hasi zinaingia, na seli inatulia. Kuiamsha tena inakuwa kazi.

Kwa watu wachache, mwanga wa namna ile huizidi nguvu breki hiyo, na hapo kifafa kinaanza. Diazepamu hutuliza kwa kuvifanya vipokezi viitikie GABA zaidi (lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, ina uraibu).

Kwa hiyo lile onyo la mwanga kabla ya video si mapambo. Mwenye tatizo hili akishtukizwa, afunike jicho moja kwa kiganja na kugeuka pembeni. Kufumba macho tu hakutoshi. Mwanga hupenya kope.