Visa vya Kazini (3): Mlima uliojulikana na kampuni moja

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowekwa mezani bungeni Dodoma, kinachokera kuliko yote ni hoja zinazojirudia. Dosari iliyoandikwa mwaka jana dhidi ya halmashauri moja huibuka mwaka huu kwa jirani yake, kana kwamba hakuna aliyewahi kuisikia. Sehemu mbili zilizotangulia zimeeleza visa vya kazini ni nini na husimuliwaje. Sehemu hii inahusu kisa kinachobaki ndani ya nyumba moja, na mfano wake ulio wazi zaidi unatoka angani.

Asubuhi ya tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya kampuni ya TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea Washington. Upepo mkali ulifanya ielekezwe uwanja wa Dulles, Virginia. Ikiwa bado mbali, mwongoza ndege akairuhusu ianze kuukaribia uwanja. Kwa mwongoza ndege, kuchunga kimo kulibaki kazi ya marubani. Kwa marubani, ruhusa ilimaanisha njia ni nyeupe, wanaweza kushuka hadi futi 1,800. Kinasa sauti kilionyesha kwamba nahodha aliiona kwenye chati namba 3,400, kimo cha chini kilichotakiwa katika eneo lile. Akaitilia shaka, kisha akaamua kwamba ruhusa imeshaifuta. Ndege ikagonga Mlima Weather na watu wote 92 wakafa.

Uchunguzi ukaibua jambo la kusikitisha zaidi. Wiki sita kabla, ndege ya kampuni ya United ilikuwa imeielewa ruhusa ya namna hiyo vilevile, ikashuka mapema na kuponea chupuchupu mahali palepale. Marubani wake hawakunyamaza, kwa kuwa mwaka huohuo kampuni ilianzisha utaratibu wa kueleza matukio ya hatari bila kuogopa adhabu. United ikawatahadharisha marubani wake. Wa TWA hawakuambiwa kitu.

Mwaka 1975 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikaanzisha utaratibu kama huo wa nchi nzima. Marubani wakasita kuutumia, na walikuwa na haki: nani apeleke kosa lake kwa mkono uleule unaoweza kumnyang'anya leseni? Mwaka 1976 kazi ya kupokea visa ikakabidhiwa shirika la anga za juu, NASA, ambalo halitoi leseni wala halimwadhibu rubani. Ufundi wenyewe uko kwenye fomu. Sehemu yenye jina la msimulizi hukatwa, hugongwa muhuri na kurudishiwa mwenyewe, na NASA hubaki na kisa kisicho na jina. Aliyeandika ndani ya siku 10, kwa kosa lisilo la makusudi wala jinai, na lisiloleta ajali, anaweza kusamehewa adhabu, na kipande hicho ndicho ushahidi wake. Mhalifu hapati kichaka cha kujificha hapo. Tangu 1979 baadhi ya visa huchapishwa katika jarida liitwalo Callback, kwa maneno ya wasimulizi wenyewe, na rubani wa kampuni yoyote anaweza kulisoma. Uingereza iliunda chombo chake, CHIRP, mwaka 1982.

Ofisi nyingi za umma hufanya kinyume cha hayo. Mhasibu anayegundua kwamba jana aliidhinisha malipo bila stakabadhi ya kupokea mali akienda kumwambia mkuu wake, hurudi mezani na barua ya kutakiwa kujieleza. Kesho hatasema, na wenzake wameshajifunza kunyamaza. Huo ni uoga wa wakubwa uliovalishwa joho la nidhamu. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini lengo lake ni kumlinda anayefichua uovu. Mtumishi mwaminifu anayetaka kusimulia kosa lake mwenyewe, ili halmashauri ya jirani isilirudie, anahitaji mpokeaji asiye bosi wake wala mkaguzi wake.