Usiku Hemani na Watoto Wadogo: Jiko la Makaa Libaki Nje

Likizo za shule zinapowadia, familia kutoka Busia, Malaba na Tororo, na nyingine kutoka upande wa pili wa mpaka nchini Kenya, hupanda kuelekea miteremko ya Mlima Elgon. Huenda kuyatazama maporomoko ya Sipi wilayani Kapchorwa na kulala hemani usiku mmoja au miwili. Ni desturi njema, kwani mtoto aliyeijua milima na misitu ya nchi yake huipenda na kuitunza. Hata hivyo, iko hatari moja ambayo haina kelele wala harufu, nasi tumeona ni wajibu wetu kuieleza kabla msimu haujaanza.

Hatari hiyo huanzia kwenye baridi. Kwa kawaida, kila mtu apandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi sita hivi. Kilele cha Elgon kimefikia mita 4,321, na ingawa mahema hupigwa chini zaidi, anayetoka kwenye joto la Busia hustaajabu usiku unapoingia. Watoto wadogo huanza kulia kwa baridi. Mzazi mwenye huruma hulitazama jiko la makaa, ambalo wengi wetu huliita sigiri, lililotumika kupika chakula cha jioni. Moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu. Huliingiza hemani, hufunga mlango, na familia hulala. Huruma hiyo yaweza kuwaua wote waliomo.

Makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani, haina harufu, wala haichomi macho au koo kama ufanyavyo moshi. Ndiyo maana yule asemaye kwamba makaa yasiyo na moshi hayana madhara hukosea: moshi ni onyo, na makaa mekundu yameondoa onyo bila kuiondoa sumu. Gesi hiyo ikivutwa huingia katika damu na kushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi. Oksijeni hukosa nafasi. Ubongo na moyo huanza kunyimwa. Mtoto mdogo huathirika upesi, kwa kuwa hupumua mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, unyonge na usingizi mzito. Kwa sababu hiyo, wengi hudhani ni malaria au uchovu wa safari. Liko jambo moja la kuwasaidia kutambua: malaria haiwashiki watu wote wa hema moja katika saa moja. Mkiona zaidi ya mtu mmoja analalamikia kichwa karibu na jiko linalowaka, fungueni hema mara moja, mtoeni kila mtu kwenye hewa safi, kisha mtoeni pia jiko. Mpelekeni kila aliyeathirika kwenye kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu.

Wengine hutuuliza: je, tukiacha mlango wazi kidogo? Jibu letu ni hapana. Upepo wa mlimani hubadilika, na mtu aliyelala hawezi kupima hewa anayoivuta. Katazo hili lahusu pia chumba kidogo cha kulala wageni, na gari lililofungwa madirisha huku injini ikinguruma.

Baridi basi ishindwe kwa njia nyingine. Kwanza, ardhi huunyang'anya mwili joto, hivyo blanketi la chini lina kazi sawa na la juu. Tandikeni mkeka, na juu yake blanketi nene. Pili, mvueni mtoto nguo zilizolowa jasho au umande kabla hajalala, na mvisheni nyingine kavu pamoja na soksi. Tatu, chemsheni maji nje, yatieni katika chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, ifungeni kwa kitambaa na kuiweka karibu na miguu, isiguse ngozi. Nne, laleni karibu karibu, ila uso wa mtoto mchanga usifunikwe. Mtoto anayetetemeka bado anapambana na baridi. Aliyeacha kutetemeka akawa mnyamavu na mlegevu, ilhali mwili wake ungali baridi, anahitaji msaada wa daktari bila kuchelewa.

Moto wa nje nao uzimwe kwa maji, ukorogwe, kisha umwagiwe tena. Kuufukia kwa mchanga ni kuuficha tu. Makaa hudumu na joto kwa saa nyingi, na asubuhi mguu wa mtoto ndio unaoyagundua.

Kwa upande wa usalama wa watoto, wahesabuni kabla jua halijazama. Wekeni mfukoni mwa kila mtoto karatasi yenye nambari ya simu ya mzazi, na mfundisheni kwamba akipotea akae mahali alipo na kuita, asiendelee kutembea. Mtoto akipotea, toeni taarifa papo hapo kwa polisi, kwa askari wa hifadhi au kwa mwenyekiti wa kijiji. Msisubiri saa 24 zipite kama wengi wanavyoamini, kwani saa za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa.

Wanaovuka mpaka wachukue vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na anayesafiri na mtoto asiye wake awe na barua ya wazazi yenye nambari zao za simu. Ni vyema pia kuuliza mapema katika ofisi ya uhamiaji ni hati gani zinazohitajika. Maofisa wanapouliza maswali mengi, tafadhali msione mmedharauliwa. Uganda ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2009, na swali linaloulizwa mpakani laweza kuwa ndilo linalomwokoa mtoto wa jirani yako.

Kwa dharura, pigeni 999 au 112. Kwa jambo lolote linalomhusu mtoto, nambari 116 hutumika bila malipo Uganda na Kenya pia. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Nasi twawatakia likizo njema, jiko likiwa nje na watoto wote ndani.