Raba au springi? Soma hapa kabla hujapeleka Mini ya babu kwa fundi

Hatimaye umepata Mini. Labda babu amekuachia, labda uliiona ikiota kutu nyuma ya nyumba ya mtu ukabembeleza mwenyewe hadi akalegea. Mbogi inakuonea gere. Kila ukisimama kuweka mafuta, mzee fulani anakuja kukusimulia alivyojifunza kuendesha na moja kama hiyo. Halafu unapanda tuta la kwanza kuelekea mtaani, na uti wa mgongo unakuuliza: haya mapenzi ni ya nini?

Unampelekea fundi. Anainama, anachungulia kwenye gurudumu, anatikisa kichwa. "Hizi raba zimeisha. Toa zote, weka springi." Ukimpigia msee mwingine anayejua magari ya zamani, anakaribia kulia: "Usithubutu! Ukitoa raba, hiyo si Mini tena."

Sasa uko katikati, na doo ulizoweka kando zinatosha kazi moja tu. Ukikosea, utarudia kazi ile ile na mfuko mtupu. Kwa hivyo kabla hujaamini yeyote, elewa kwanza kile kilicho chini ya gari lako.

Raba ilifikaje huko?

Mini ilizinduliwa Uingereza mnamo Agosti 1959 na kampuni ya BMC. Miaka mitatu kabla, mzozo wa Mfereji wa Suez ulikuwa umefanya petroli iuzwe kwa mgao huko, na watu walitaka gari dogo lisilokunywa mafuta. Mhandisi Alec Issigonis alibana kila kitu: urefu wa mita 3 na kidogo tu, injini imelazwa kwa upana, magurudumu ya inchi 10. Bado alitaka watu wazima wanne waingie ndani.

Springi za kawaida zingekula nafasi hiyo. Hapo ndipo alipoingia mwenzake, Alex Moulton, ambaye familia yake ilikuwa imefanya biashara ya mpira kwa miaka mingi. Akatengeneza koni ya raba iliyoshikana na vyuma, ndogo kiasi kwamba unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Kati ya koni hiyo na mkono wa gurudumu kuna kipande cha chuma chenye umbo la tarumbeta, na ndivyo kinavyoitwa: tarumbeta.

Ujanja wenyewe uko hapa. Mini tupu ina uzito wa kilo 600 hivi. Wewe na marafiki watatu, kila mmoja kilo 75, mnaongeza kilo 300. Hiyo ni nusu ya gari! Matatu au lori halishtuki mtu mmoja akipanda, lakini Mini inasikia kila mtu. Raba ya Moulton hukubali ikibonyezwa kidogo, kisha kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo inavyokaza. Gari haliketi chini hata likijaa, na kwenye kona halilali sana.

Ndiyo maana Mini inashika barabara kana kwamba imechorwa juu ya lami. Januari 1964, Paddy Hopkirk alishinda mashindano ya Monte Carlo kwa Mini Cooper S iliyokuwa juu ya raba za namna hii. Wenye magari makubwa walibaki wakitazama.

Shida ya raba

Raba huzeeka. Inabebeshwa gari mchana na usiku, hata likiwa limeegeshwa, na mwaka baada ya mwaka inazidi kubonyea na kuwa ngumu. Gari linashuka. Likishuka, safari ya gurudumu kwenda juu inapungua, na kila shimo linakugongesha kwenye kizuizi cha mwisho. Ule mgongano unaousikia kwenye tuta huenda usiwe "ugumu wa Mini" hata kidogo. Huenda ni raba iliyokufa kitambo.

Kuna mafundi wanaoongeza washa kwenye tarumbeta ili gari liinuke. Linainuka kweli, na ukiliangalia kwa nje utafikiri limepona. Lakini raba ni ile ile iliyochoka. Umenunua urefu, hujanunua ulaini.

Springi nazo?

Mgala muue na haki yake mpe. Springi za chuma zilizotengenezwa maalum kwa Mini huingia mahali pale pale pa koni bila kukata chochote. Mwanzoni mwa safari ya gurudumu ni laini kuliko raba, kwa hivyo vijishimo vidogo na lami iliyomenyeka havikusumbui sana. Na chuma hakibonyei upesi kama raba, basi urefu wa gari unakaa pale ulipouweka.

Lakini kuna bei yake, na simaanishi pesa pekee. Springi hizi hazikazi kama raba. Kila kilo inaibonyeza sawa na ile iliyotangulia, kwa hivyo ukibeba watu wawili nyuma, matako ya gari yanashuka. Kwenye kona litalala zaidi.

Pili, raba yenyewe humeza sehemu ya mtikisiko, lakini chuma hurudisha karibu wote. Shoki zilizochoka ambazo raba ilikuwa ikizifichia aibu zitaanikwa siku ya kwanza. Gari litadunda kama mpira wa watoto. Ukienda springi, weka bajeti ya shoki nzuri pamoja, na uhakikishe vizuizi vya mwisho viko mahali pake.

Tatu, na hili ni la usalama: usikubali springi iliyokatwa kutoka gari lingine. Kwenye Mini, gurudumu la mbele likipanda sentimita 3, koni inabonyea takriban 1. Nyuma ni kama 5 kwa 1. Maana yake ni kwamba nguvu inayofika kwenye springi ni mara kadhaa ya ile iliyo kwenye gurudumu. Ndiyo sababu springi ya Mini ni fupi na waya wake ni mnene. Ya kuokotezwa jua kali inaweza kulegea gurudumu likining'inia, ikatoka mahali pake, na wewe uko barabarani. Hapo si mambo ya starehe tena.

Jipime kabla ya kulipa

Usianze kwa kununua. Anza kwa kuangalia, na mengi ya haya hayagharimu kitu.

Kwanza, jua gari lako. Kuanzia 1964 hadi mwishoni mwa miaka ya 60, Mini nyingi za saluni zilitoka na mfumo wa majimaji uliounganisha gurudumu la mbele na la nyuma kwa mabomba. Ukichungulia ukakosa shoki na ukaona mabomba, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Usinunue chochote bado.

Pili, pima upepo wa matairi. Tairi ndogo iliyojazwa kupita kiasi inafanya gari lolote liwe gari la punda.

Tatu, egesha mahali tambarare na upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Kama upande mmoja umeshuka kuliko mwenzake, raba inakuambia ukweli.

Nne, mwambie fundi akague kifundo kilicho kwenye ncha ya tarumbeta. Ni kichwa cha chuma cha mviringo ndani ya kikombe cha plastiki. Grisi ikikauka, kinakwama na kulia, na gari linakuwa gumu hata kama raba ni mpya. Kukisafisha, kubadilisha kikombe na kupaka grisi ni kazi ya bei nafuu kuliko yote niliyotaja, na mara nyingi ndiyo iliyosahaulika miaka mingi zaidi.

Tano, muulize fundi swali moja: "Uko na kifaa cha kubana koni ya mbele?" Nyuma ni rahisi. Mbele, koni lazima ibanwe kwa kifaa maalum kinachoingia kutoka upande wa injini, na nyuzi za kifaa cha Mini za zamani si sawa na za zile za baadaye. Akikwambia atatumia nyundo na jeki, chukua funguo zako uondoke polepole.

Basi uchague nini?

Kama Mini ni ya wikendi, unapenda kona, au huwa unabeba watu, rudi kwa raba mpya. Nunua seti nzima, si upande mmoja. Jua pia kwamba zitashuka kidogo wiki za kwanza, kwa hivyo usipime urefu wa mwisho siku ile ile ya kufunga.

Kama unaiendesha kila siku, mara nyingi peke yako, kwenye barabara iliyobomoka, springi zinazofaa pamoja na shoki nzuri zitakuokoa mgongo. Hujasaliti mtu. Ila weka raba na sehemu za zamani kwenye katoni, uandike "za Mini", na umwambie kila mtu nyumbani asizitupe. Siku ukiuza, au ukibadilisha nia, zitakuonyesha gari lilitoka kiwandani likiwa vipi. Na mjulishe mwenye bima, usije ukabishana naye siku ya ajali.

Kama doo ni za kazi moja tu kwa sasa, basi raba na springi zote zingoje. Upepo, vifundo, grisi. Endesha wiki mbili, pita kwenye tuta lile lile, halafu uulize mgongo wako tena.