Foleni ya Mpemba na mtandao wa ofisi yako

Simu iliingia kabla sijamaliza chai. Wakala mmoja wa forodha hapa Tunduma, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa na semi za shaba zimelala ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, na kadhia za forodha zisizotaka kupanda kwenye mfumo. "Fundi, tumevamiwa. Mtandao umekufa tangu usiku. Kuna jamaa wa Dar anasema ninunue mashine ya kuzuia mashambulizi, milioni kumi na nane. Ninunue?"

Nikamwambia, "Bosi, usitoe hata shilingi. Nakuja."

Shambulio la kunyima huduma, ambalo sisi mafundi tumezoea kuliita DDoS, halivunji mlango wala haliibi kitu. Linajaza njia tu. Mtu wa Tunduma hahitaji darasa refu kulielewa. Kituo cha huduma za pamoja mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019 ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili, na kweli kazi ya dirishani ilipungua. Lakini siku foleni inapogota kule Mpemba, mbali na mpaka, ofisa awe mwepesi namna gani, dereva aliye mkiani hafaidi chochote. Sasa chukulia kwamba nusu ya malori yale hayana mzigo wala nyaraka, yametumwa yakae barabarani tu. Hiyo ndiyo DDoS. Na malori hayo hayatoki sehemu moja: ni maelfu ya kompyuta, ruta na kamera za watu wasiojua kwamba vifaa vyao vinatumwa na mtu mwingine.

Lipo pia shambulio la dirishani. Barabara ni nyeupe, ila kila anayefika kwa karani anauliza maswali marefu asiyohitaji majibu yake. Julai 2023 Wakenya walionja kitu cha namna hiyo pale eCitizen, lango la serikali lenye huduma zaidi ya 5,000, lilipoelemewa na maombi. Wanaotafuta viza walikwama, na siku hizohizo hata kununua umeme kwa simu kukawa shida. Waziri Eliud Owalo alisema hakuna data iliyopotea, na hapo ndipo wengi walipochanganyikiwa: kama hakuna kilichoibwa, mbona hakuna kinachofanya kazi? Kundi lililojigamba kuhusika lilijiita Anonymous Sudan. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani, ikiwahusisha na mashambulizi zaidi ya 35,000.

Msidhani mambo haya ni ya serikali tu. Mwingereza Daniel Kaye alifungwa miezi 32 huko London mwaka 2019 kwa kuielemea kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia. Aliyemlipa alikuwa mtu wa kampuni pinzani.

Turudi kwenye mashine ya milioni kumi na nane. Vifaa vya ulinzi huwa vinalinganishwa kwa bei, kwa chapa, kwa wingi wa taa mbele ya boksi. Mimi nauliza kwanza: kinasimama wapi? Fayawoli iliyofungwa ofisini kwako imesimama dirishani. Hata ruta ya kawaida ya MikroTik, ambazo zimejaa mji huu, ukiiwekea kanuni nzuri itazuia wasumbufu wachache, na shambulio dogo la dirishani italimudu. Ila takataka inazitupa baada ya kuwa zimeshapita kwenye waya wako. Kama umelipia megabiti 20 kwa sekunde, shambulio la gigabiti moja ni mara 50 ya njia yako yote, na gigabiti moja siku hizi ni mchezo wa watoto. Mei 2025 kampuni ya ulinzi wa mtandao ya Cloudflare walizuia shambulio la terabiti 7.3 kwa sekunde. Lilidumu sekunde 45.

Kwa hiyo ulinzi wa njia lazima ukae mbele zaidi, kwa anayekuuzia intaneti. Mkongo wa Taifa umefika hapa mpakani na kuungana na Zambia, kwa hiyo uwezo wa waya si haba. Cha kumwuliza mtoa huduma wako ni hiki: nikishambuliwa, unafanya nini? Wengi wana dawa moja, kuizima anwani yako ya IP ili kila kinachoelekea kwako kitupwe, kibaya na kizuri. Jirani zako wanapona, wewe unabaki gizani, na mshambuliaji amepata alichokitaka. Wachache wana mitambo ya kuchuja, inayotenga takataka na kukupitishia kilicho halali. Mwulize kama anayo, kama iko kwenye mkataba wako au inalipiwa pembeni, na nani anapokea simu saa nane usiku. Swali hilo la mwisho ndilo nililoona likiwatoa wauzaji jasho.

Mbele zaidi ndiko ziliko kampuni za ulinzi wa kwenye wingu. Hawa ndio wenye barabara pana. Februari 28, 2018, GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, walipopigwa na terabiti 1.35 kwa sekunde, walihamishia msafara wao kwa Prolexic ya Akamai, na ndani ya dakika chache takataka zikawa zinachujwa huko. Prolexic ni ya wakubwa, mabenki na watu wa namna hiyo. Amazon wana ulinzi wao uitwao Shield, wa aina mbili. Ya kawaida ni bure kwa kila aliye kwao, na ya juu ni dola 3,000 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka mzima, fedha ambayo kwa ofisi nyingi za Songwe ni mishahara ya wafanyakazi wote. Cloudflare tangu 2017 hawapimi ukubwa wa shambulio ili wakutoze, hata ukiwa kwenye mpango wa bure. Kwa tovuti ya hoteli au ya msambazaji wa mbolea Mbozi, sioni sababu ya kuanzia kwingine.

Ila hapa ndipo watu wanapojidanganya. Huduma hiyo ya bure inalinda tovuti, hailindi waya wa ofisi. Na tovuti yenyewe inalindwa ikiwa tu anwani halisi ya seva haijulikani. Nimeona tovuti imefichwa vizuri nyuma ya Cloudflare, huku seva ya barua pepe iliyo kwenye mashine ileile ikiitangaza anwani kwa kila anayeuliza.

Tena si kila kimya ni shambulio. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ililegea nchi nzima, na nilipigiwa simu za "tumevamiwa" hadi betri ikaisha. Wakala wa forodha hana wateja wanaoingia kwenye seva yake, yeye ndiye anayeingia kwenye mifumo ya watu. Ningemshauri fedha ya mashine aiweke kwenye laini ya pili, ya kampuni nyingine, inayopita njia nyingine.

Nilipofika kwa yule bosi niliingia kwenye ruta. Kinachoshuka kilikuwa kama hakuna, kinachopanda kimejaa pomoni. Nikafuata anwani ya ndani hadi kwenye kabati la stoo, chini ya makasha ya risiti za zamani: kinasa picha cha kamera za ulinzi, kina vumbi, cha moto ukigusa. Nywila yake ilikuwa ileile ya kiwandani, na mlango ulikuwa umefunguliwa kwenye ruta ili bosi aione stoo akiwa nyumbani Vwawa. Virusi vya Mirai viliwanasa wengi mwaka 2016 kwa njia hiyohiyo, vikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani.

"Bosi," nilimwambia, "hujavamiwa. Wewe ndiye unayevamia."

Nilichomoa waya. Kadhia zikaanza kupanda kabla hajamaliza kunibishia. Kinasa nilikifuta, nikakipa nywila mpya na kuufunga ule mlango. Sasa akitaka kuona stoo anapita kwanza kwenye njia ya siri niliyomwekea kwenye simu, na kila wiki analalamika kwamba picha inachelewa kufunguka.