Megapikseli nyingi haziondoi ukungu wa picha

MPIGA picha wa harusi aliyezoea kamera ya megapikseli 12 ananunua nyingine ya megapikseli 36. Kesho yake baada ya sherehe anazikuza picha kwenye kompyuta na kukuta bibi harusi ametoka safi, lakini mashangazi wa safu ya nyuma wana ukungu. Lenzi ni ileile ya miaka yote, hivyo anaamini ameuziwa kamera mbovu.

Mara nyingi kamera haina kosa.

Chukua kamera mbili za Nikon. D700 iliyotoka mwaka 2008 ina megapikseli 12, na D800 iliyoingia sokoni mwaka 2012 ina 36. Sensa zao, yaani kipande kinachopokea mwanga mahali ilipokaa filamu zamani, zina ukubwa karibu sawa wa milimita 36 kwa 24. Tofauti ni kwamba pikseli za D800 ni ndogo zaidi: upana wa mikroni 4.9 hivi badala ya 8.4.

Ni sawa na chekeche. Yenye matundu mapana hupitisha mchanga mwenye mchele asijue, na yenye matundu madogo huukamata. Mchanga ulikuwamo tangu mwanzo.

Isitoshe, megapikseli mara tatu si ukali mara tatu. Kwa upana, picha ya D700 ina nukta 4,256 na ya D800 nukta 7,360. Hilo ni ongezeko la asilimia 73 tu, tena iwapo lenzi ni nzuri na mkono haukutikisika.

Kwa upande wa safu ya nyuma, lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/2.8 na kulengwa kwa mtu aliye mita 3, kwa kipimo cha kawaida cha picha ya saizi ya wastani, huonyesha safi eneo la kina cha sentimita 60 hivi. Safu mbili zinaenea, kwa shida kidogo.

Lakini picha hiyohiyo ikikaguliwa pikseli kwa pikseli, eneo safi hubaki sentimita 17 kwa D700, na 10 tu kwa D800. Lenzi haikubadilika. Kilichobadilika ni ukaribu wa jicho.

Mteja hakai na kompyuta ya fundi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iliyosafishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 2 tu na ushei, na ya A4 haifiki 9. Katika saizi hizo picha za kamera zote mbili, zikilazwa pamoja mezani, zina kina kilekile cha ukali. Anayeishi kwa picha za pasipoti hana sababu ya kukopa kwa ajili ya megapikseli.

Megapikseli 36 hulipa pale mteja anapotaka picha kubwa ya ukutani, au sura moja ikatwe kutoka kwenye kundi na kukuzwa. Ndipo ukungu wa mashangazi unapojitokeza.

Tiba yake iko kwenye lenzi. Ikifungwa hadi f/8, eneo safi kwa kipimo kile cha kawaida hufika karibu mita 1.9. Gharama yake ni mwanga: f/8 hupitisha sehemu moja ya nane ya ule wa f/2.8. Ukumbini usiku maana yake ni taa ya flashi, au stendi ya miguu mitatu na watu watulie. Kufunga zaidi ya f/16 nako kunarudisha ukungu, kwa kuwa mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo mno.

Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu anaweza kupanga watu safu mbili, awapige kwa f/2.8 na f/8 kwa kamera aliyonayo, kisha azisafishe picha zote mbili kwa saizi anayouza. Safu ya nyuma ikitoka safi kwa f/8, anachohitaji ni flashi.