TAARIFA KWA WATUMISHI WA UMMA NA WANANCHI: MWANAFUNZI MWENYE ULEMAVU AMALIZAPO SHULE

Watumishi wa umma na wananchi wa Lusahunga, wilayani Biharamulo, pamoja na wale wa wilaya jirani ya Ngara, wanafahamishwa juu ya wajibu wa idara mbalimbali kwa vijana wenye ulemavu wanaomaliza masomo. Sheria zipo, idara zipo, na fedha kiasi zipo. Lakini kijana huweza kupita katikati ya vyote hivyo asiguswe na hata kimoja.

Inafaa ieleweke kwamba mwanafunzi awapo shuleni yupo mtu mmoja wa kuulizwa habari zake, naye ni Mwalimu Mkuu au Mkuu wa Shule. Siku akabidhiwapo cheti chake, mtu huyo hayupo tena. Tangu hapo mambo yake hugawanyika: hali ya ulemavu wake huwa ya Ustawi wa Jamii, matibabu yake ya kituo cha afya, ufundi wa VETA, mkopo wa Maendeleo ya Jamii, kitambulisho cha NIDA, na ajira ya mwajiri yeyote atakayempokea. Kila ofisi husubiri aletwe, wala hakuna iliyoambiwa kwamba yupo.

Jambo hili huwa zito zaidi kwa sababu ya umri. Watoto wengi wenye ulemavu huanza shule wakiwa wamechelewa, ama kwa kufichwa nyumbani, ama kwa kungoja nafasi ya bweni mbali na kwao. Matokeo yake ni kwamba kijana humaliza elimu ya msingi akikaribia miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huacha kumhesabu kuwa mtoto. Hivyo hupoteza ulinzi wa shule na ulinzi wa sheria hiyo karibu kwa wakati mmoja.

Msingi wa kisheria ni huu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwezi Novemba mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya ajira ya walemavu ya mwaka 1982 ilikuwa imewagusa waajiri wenye wafanyakazi 50 na kuendelea, tena kwa asilimia 2. Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli: Lusahunga ni njia panda. Malori ya Rwanda na Burundi hupita hapa, na kazi iliyopo ni ya gereji, migahawa, nyumba za wageni, maduka, kilimo na mifugo. Waajiri wa watu 20 ni wa kuhesabika. Kwa kijana wa hapa, asilimia hiyo itamfaa zaidi akiomba kazi serikalini au mijini. Nyumbani kwao litakalomfaa mapema ni ufundi na mtaji.

Kazi ya kwanza basi ni ya shule, nayo ianze mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho. Walimu wamezoea kumtayarisha mwanafunzi kwa mtihani wenyewe: asiyeona hupata karatasi za nukta nundu, mwenye uoni hafifu hupata maandishi makubwa, na mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Maandalizi hayo ni mazuri, lakini huishia mlangoni mwa chumba cha mtihani. Linalotakiwa ni Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata, Afisa Ustawi wa Jamii na mzazi wakae pamoja, kijana mwenyewe akiwapo na akiulizwa. Kama hasikii, pawepo mtu ajuaye lugha ya alama. Kumwuliza mama yake badala yake si kumwuliza yeye.

Katika kikao hicho nyaraka zikaguliwe, maana hapa ndipo wengi hukwama. Jina la cheti cha kuzaliwa liwe lile lile la shuleni. Kijana aliyeandikishwa shule kwa jina la babu na cheti cha kuzaliwa kwa jina la baba atahangaika NIDA, na bila namba ya NIDA atahangaika chuoni, benki na kwenye mkopo. Kurekebisha jina akiwa bado shuleni ni kazi ya barua na safari chache. Kulirekebisha akiwa na miaka 22, mwalimu aliyemfahamu akiwa amehamishwa, ni kazi nyingine kabisa.

Wapo pia watoto wetu wanaosoma mbali, kama vile katika Shule ya Msingi Mugeza Mseto iliyoko Manispaa ya Bukoba, yenye bweni. Hao hurudi kwa njia ya Muleba na Biharamulo wakiwa na sanduku na cheti, na kijiji huwa kimekwisha kuwasahau. Mzazi anaombwa amfikishe kijana wake kwa Mtendaji wa Kijiji ili aandikishwe. Kwa ndugu zetu wa visiwa vya Bumbire na Goziba, ambako safari ni ya maji, wajibu wa shule kutuma taarifa mapema ni mkubwa zaidi.

Kuhusu mafunzo, chuo cha VETA cha mkoa kipo Burugo, Bukoba. Vipo vilevile vyuo vya ufundi vilivyowekwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo jijini Dar es Salaam, Luanzari mkoani Tabora na Sabasaba mkoani Singida. Fani ichaguliwe kwa busara. Kijana mwenye ualbino asipelekwe kwenye kazi ya kushinda juani, kwani jua humletea saratani ya ngozi. Ushonaji, umeme wa ndani au kazi ya ofisini humfaa zaidi. Kwake yeye usalama nao ni sehemu ya mpango. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa na kuuawa wilayani Muleba, katika mkoa huu huu. Kamati ya kata na Polisi wajue kijana huyo anaishi wapi, anapita njia gani na anarudi saa ngapi.

Mtaji hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 hugawanywa hivi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Wengi hawajui kwamba kanuni zilizorekebishwa mwaka 2021 zilimruhusu mtu mwenye ulemavu kukopa peke yake, bila kulazimika kuunda kikundi. Afisa Maendeleo ya Jamii asimrudishe mwombaji kwa kukosa wenzake kabla ya kusoma kanuni zinazotumika.

Neno moja kwa watumishi. Katika barua zetu bado huonekana maneno «kiwete» na «bubu». Yaandikwe «mtu mwenye ulemavu wa viungo» na «kiziwi» au «mtu asiyesikia», hata kama nafasi kwenye fomu ni finyu.

Mzazi au mlezi anayekwenda kuonana na Afisa Ustawi wa Jamii achukue cheti cha kuzaliwa cha kijana, cheti au barua ya shule, taarifa ya daktari kuhusu ulemavu wake, picha ndogo na barua ya Mtendaji wa Kijiji. Nakala za nyaraka hizo zibaki nyumbani kwa kijana mwenyewe, si ofisini peke yake.